Chema Hakijiuzi Kikifichwa: Mwongozo Kamili wa Kupanga Bidhaa Dukani

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Dukani methali hiyo inahitaji nyongeza kidogo: chema hujiuza pale kinapoonekana, kinapofikika na bei yake inapojulikana. Kikisukumwa rafu ya chini kabisa nyuma ya maboksi, kitalala hapo mwaka mzima, hata kama sokoni hakina mpinzani.

Zamani kazi ya kuuza ilifanywa na mdomo. Bidhaa zilikaa nyuma ya kaunta, mteja akataja anachotaka, muuzaji akakifuata, akakisifu, akakifunga. Mwaka 1916 Clarence Saunders alifungua duka la Piggly Wiggly mjini Memphis, Marekani, ambamo mteja alipita mwenyewe kati ya rafu, akachukua alichotaka, kisha akaenda kulipa. Utaratibu huo ulipoenea, mteja na bidhaa wakaachwa wawili tu. Maswali aliyokuwa akijibu muuzaji sasa yanajibiwa na mpangilio: hiki ni nini, kinanifaa, bei gani, naruhusiwa kukishika?

Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika kuliko yote. Wengi hupanga duka ili lipendeze pichani. Mimi napima mpangilio kwa mkono wa mteja: unanyooka kuchukua, au unabaki mfukoni? Kusifiwa kwamba duka ni zuri hakulipi pango.

Hatua ya 1: Tazama kabla ya kugusa chochote

Usianze kwa kuhamisha rafu. Anza kwa kutoka nje, usimame upande wa pili wa njia, kisha uingie kama mgeni. Umeona nini kwanza? Macho yamekwama wapi? Mwenye duka huzoea vurugu zake mpaka hazioni tena, kwa hiyo piga picha za simu kuanzia mlangoni hadi ndani kabisa. Picha haina mazoea. Itakuonyesha boksi lililosahaulika, rafu iliyopinda na tangazo la msimu uliokwisha pita.

Halafu chora ramani ya duka kwenye karatasi, hata kwa mkono tu. Chagua saa moja yenye watu wengi na nyingine ya utulivu, katika siku tofauti, uweke alama: wanaelekea upande gani wakiingia, wanasimama wapi, pembe gani haifikiwi na mtu. Utasikia ikisemwa kwamba wateja wengi huelekea kulia wanapoingia. Huenda ikawa hivyo, lakini mlango wako unaweza kuwa pembeni, au kaunta ikawa kulia na ikawafanya watu wakwepe. Amini alama zako kuliko kanuni ya jumla.

Jambo moja utaliona karibu kila duka: hatua chache za kwanza baada ya mlango hupotea bure. Mtu anazoea mwanga, anafunga mwavuli, anaweka simu mfukoni, anatafuta njia. Kilichowekwa hapo hapati muda wa kukitazama. Paache peupe, na bidhaa unazozitegemea zianze pale mwendo unapopungua.

Hatua ya 2: Amua nani anastahili nafasi nzuri

Nafasi nzuri dukani ni chache: ukuta unaoonekana ukiingia, meza ya katikati, miisho ya safu za rafu, dirisha la mbele, eneo la kaunta. Kabla ya kuzigawa, tenganisha bidhaa zako katika makundi matatu.

Kuna zinazotafutwa. Mteja ametoka kwake akizifuata, na atazipata hata zikiwa ndani kabisa. Ziweke huko huko, ili njiani apite kwenye mengine. Kuna zinazotamaniwa, ambazo hakuzipanga ila akiziona atazitaka; hizi ndizo za kupewa meza na miisho ya safu. Na kuna sindikizo, yaani zile zinazonunuliwa kwa sababu ya nyingine: betri kando ya tochi, rangi ya viatu kando ya viatu, kalamu kando ya madaftari. Sindikizo likikaa mbali na mwenzake, mteja hulikumbuka akiwa ameshafika nyumbani.

Fungua daftari la mauzo uone kipi kinatoka na kipi kinakuachia faida. Kosa linalojirudia ni kuipa bidhaa iliyododa mahali bora, kwa matumaini kwamba itaamka. Ijaribu hapo wiki mbili, si zaidi. Isiposogea, tatizo liko kwenye bei au kwenye bidhaa yenyewe, na kila siku inayoendelea kukaa pale inaifungia njia nyingine ambayo ingeuzika.

Hatua ya 3: Njia na usalama

Mwanya kati ya safu mbili usipungue sentimita 90, kiasi ambacho kiti cha magurudumu kinapita. Njia kuu ipewe sentimita 120 au zaidi, ili watu wawili wapishane bila kugusana. Mteja anayesukumwa mgongoni na wapita njia huacha anachokitazama na kuondoka. Kwa hiyo bidhaa zinazohitaji kufikiriwa, zile za kusoma maelezo au kulinganisha, zisikae kwenye mwanya mwembamba.

Vizito vyote viende chini. Rafu ndefu zifungwe ukutani kwa skrubu. Mlango wa dharura, kizima moto na swichi kuu ya umeme visizibwe na mzigo hata kwa siku moja. Futa vumbi, kaza vinavyocheza, badilisha taa zilizoungua. Rafu iliyoinama hufanya hata bidhaa mpya ionekane ya mtumba.

Hatua ya 4: Rafu, kiwango kwa kiwango

Hapa ndipo fedha nyingi hupatikana au kupotea, basi twende polepole.

Kwa mtu mzima aliyesimama, eneo kati ya sentimita 120 na 160 kutoka sakafuni ndilo jicho linalolipata bila juhudi. Weka hapo bidhaa yenye faida nzuri au ile unayotaka ijulikane. Chini yake, takriban sentimita 70 hadi 120, mkono hufika kwa urahisi: hapo ni pa bidhaa zinazotoka haraka. Chini ya goti weka saizi kubwa, vizito, na vile ambavyo mteja atavitafuta kwa vyovyote. Juu ya kichwa hufaa kuonyesha tu, au akiba nyepesi. Bidhaa za watoto zina hesabu yake. Zinazotakiwa kuonekana na mtoto hushuka hadi usawa wa macho yake, na zile za hatari kwake hupanda.

Sasa panga kwa nguzo. Wengi hujaza rafu moja nzima kwa aina moja: juu sabuni za kuogea, katikati za kufulia, chini za vyombo. Mteja anapotembea macho yake huenda kwa mlalo, hivyo ataona aina moja tu, ile iliyo usawa wake, na kuamini kwamba nyingine huna. Ukizisimamisha kama nguzo, kila aina kuanzia rafu ya juu hadi ya chini, akipita ataziona zote, na aliyeipata aina yake atashusha macho kutafuta saizi. Ndani ya nguzo, vidogo vikae juu na vikubwa chini.

Fuata mpangilio huu unapojaza:

1. Toa kila kitu. Kupanga upya bila kutoa ni kuhamisha vurugu.
2. Gawa upana wa rafu kwa idadi ya aina. Inayouzika sana ipewe nyuso nyingi, yaani pakiti nyingi zinazotazama mbele sambamba. Bidhaa yenye uso mmoja hupotea machoni mara pakiti chache zikinunuliwa.
3. Rekebisha urefu wa rafu. Acha nafasi ya vidole juu ya bidhaa, sentimita 3 hadi 5 hivi. Pakiti zikibanwa na rafu ya juu, mteja huogopa kuziangusha zote na kuacha.
4. Weka zinazoisha muda mapema mbele, za muda mrefu nyuma. Angalia tarehe iliyopigwa kwenye pakiti, maana mzigo ulioingia mwisho si lazima uwe na tarehe ya mbali.
5. Vuta zote zifike ukingoni, majina yatazame mbele.
6. Rudi nyuma hatua tano. Ukihitaji kusogea ili ujue rafu hiyo inauza nini, bado hujamaliza.

Mzigo ukiwa mchache, usiutawanye ili ujaze nafasi. Pakiti nne zilizoachana mita nzima hutangaza kwamba duka linafungwa. Zikusanye, punguza upana wa nguzo yake, jirani aongezwe uso mmoja.

Baada ya hapo chora ramani ya rafu na uibandike stoo. Bila hiyo, kila msaidizi atajaza kwa akili yake.

Hatua ya 5: Meza ya kuvutia

Rafu humhudumia anayejua anachotaka. Meza, mwisho wa safu na dirisha vina kazi ya kumsimamisha asiyejua, kwa hiyo hupangwa kwa akili nyingine. Hapo unahitaji wazo moja tu. Ukishindwa kulisema kwa maneno matatu, meza hiyo itageuka ghala.

Tuchukue wazo la kurudi shule, meza ikiwa na upana wa sentimita 120. Nyota wa meza ni begi. Anza na vimo: tafuta boksi imara la sentimita 40 na jingine la 20, uyafunike kwa kitambaa cha rangi moja. La 40 likae nyuma, kidogo kando ya katikati. La 20 lishuke mbele yake upande mmoja. Begi moja liende juu kabisa, limejazwa karatasi ndani ili lisimame, mikanda ikitazama nyuma. Kwenye kimo cha kati weka chupa ya maji na kisanduku cha kalamu. Mezani penyewe, rundo la madaftari upande mmoja na mabegi mengine mawili ya rangi tofauti upande wa pili. Ukitazama kutoka mbele, utaona umbo la pembetatu: jicho linapanda hadi kwenye begi kisha linateremka kukutana na vinavyoambatana nalo.

Vitu vya kuonyesha vipange kwa idadi witiri, vitatu au vitano. Viwili au vinne hugawanyika jozi jozi, na jicho humaliza kuvitazama haraka. Acha mahali patupu pia. Utupu kando ya kitu humwambia mtazamaji kwamba kitu hicho kina thamani, na ndiyo maana duka la saa ghali huweka chache, ilhali duka la bei nafuu hurundika. Marundo nayo ni lugha halali: husema bei nafuu, mzigo upo wa kutosha. Chagua unachotaka kusema.

Kisha fanya jambo ambalo wapenda usafi hulichukia: ondoa madaftari mawili juu ya rundo, liwe kama mtu ameshachukua. Rundo lililonyooka kupita kiasi hutisha. Mteja hataki kuwa wa kwanza kuliharibu. Na kama kitu kinahitaji kujaribiwa, fungua kimoja kiwe cha kushikwa, vilivyofungwa vikae chini yake.

Kuhusu idadi ya aina kuna utafiti maarufu wa Sheena Iyengar na Mark Lepper, uliochapishwa mwaka 2000. Katika duka moja waliweka meza ya kuonjea jamu, mara ya aina 24, mara ya aina 6. Ile ya 24 iliwasimamisha asilimia 60 ya wapita njia, ile ya 6 asilimia 40. Lakini kati ya waliosimama, walionunua walikuwa karibu asilimia 30 kwenye aina 6 na asilimia 3 tu kwenye aina 24. Tafiti za baadaye hazikupata matokeo hayo kila mara, kwa hiyo usikimbilie kupunguza mzigo wa duka zima. Wingi ukae kwenye rafu, ambako anayejua chaguo lake ataupitia. Mezani, punguza.

Hatua ya 6: Rangi

Kama bidhaa ni za aina moja zenye rangi nyingi, kwa mfano taulo au fulana, zipange kutoka nyeupe na za kupauka kuelekea za kukoza, kushoto kwenda kulia. Kama meza ina vitu mchanganyiko, chagua rangi mbili zinazotulia na moja inayoshtua, na hiyo inayoshtua ikae kwenye nyota pekee. Mandhari ya nyuma yapingane na bidhaa: vyeusi juu ya kitambaa cheusi havionekani hata viwe vya thamani gani.

Hatua ya 7: Mwanga

Mwanga mmoja sawasawa duka zima humfanya mteja asijue pa kutazama. Baada ya mwanga wa kawaida, ongeza taa za kumulika kwenye meza na dirisha, ziwe na nguvu ya mara tatu hivi kuliko mazingira yake. Zielekeze kwa mshazari, karibu nyuzi 30 kutoka wima. Taa iliyo juu moja kwa moja huacha vivuli vibaya, na iliyolala sana humpiga mteja machoni.

Ukinunua taa za LED soma boksi. Kipimo cha Kelvin hueleza rangi ya mwanga: 2700 hadi 3000 ni wa manjano, unaofaa mavazi, samani na zawadi, 4000 ni mweupe uliotulia, unaofaa vifaa, dawa na bidhaa za usafi. Kipimo cha CRI hueleza jinsi rangi za vitu zinavyoonekana kwa ukweli wake. Kwa nguo na vipodozi tafuta 90 au zaidi, la sivyo mteja atarudisha gauni alilodhani ni jeusi, kumbe la buluu iliyokoza.

Jua la dirishani ni suala jingine. Hupausha vitambaa, vitabu na maboksi ya karatasi, kwa hiyo bidhaa za dirishani zibadilishwe kabla hazijaharibika, au weka pazia la kuchuja mwanga. Mchana kioo hurudisha taswira ya njia, na taa hafifu za ndani haziwezi kushindana nacho. Usiku mambo hugeuka. Harry Gordon Selfridge, aliyefungua duka lake mtaa wa Oxford, London, mwaka 1909, aliacha madirisha yake yakiwaka hata baada ya duka kufungwa. Taa chache za LED zenye kidhibiti muda zitakufanyia kazi hiyo kwa umeme kidogo sana.

Hatua ya 8: Bei na maandishi

Kila bidhaa iwe na bei inayoonekana bila kuigeuza. Wapo wanaoficha bei ili mteja aulize wapate kumshawishi. Wengi hawaulizi, huondoka kimyakimya wakidhani ni ghali.

Bango la meza liwe na mistari miwili au mitatu: jina, faida moja, bei. Herufi yenye urefu wa sentimita 2.5 husomeka vizuri kutoka mita 3, kwa hiyo pima umbali ambao mteja atasimama. Mwandiko wa mkono hauna ubaya ukisomeka na wote ukawa wa mtindo mmoja. Neno PUNGUZO likiwa kila rafu, halisomwi tena na mtu.

Kama unauza nguo

Nguo zina mambo yake. Hanga zote ziwe za aina moja na ndoano zielekee upande mmoja, ili nguo itolewe na kurudishwa kwa mkono mmoja. Saizi zianze ndogo kwenda kubwa. Piga pasi kabla ya kutundika. Nguo za kukunja zikunjwe kwa kutumia ubao au kadi ngumu ili zilingane upana, ukingo uliokunjwa ukitazama mbele, na rundo lisizidi nguo nane. Likizidi, mteja anayetaka ya chini ataziangusha zote.

Sanamu ya nguo avalishwe seti kamili, na kila alichovaa kiwepo karibu yake, saizi zote. Kumwonyesha mteja gauni ambalo saizi yake imekwisha ni kumkera. Pini za kubana mgongoni zisionekane, hasa kama sanamu imewekwa katikati na inazungukwa.

Hatua ya 9: Kaunta

Hapa weka vitu vidogo, vya bei ndogo, visivyohitaji kufikiriwa. Visizidi mkono mmoja wa nafasi, visimzibe mhudumu uso, wala visichukue mahali mteja anapowekea mzigo wake. Vya thamani vifungiwe kwenye kabati la kioo ambalo mhudumu analiona bila kugeuka.

Hatua ya 10: Tunza, pima, rekebisha

Tenga dakika chache kila asubuhi na nyingine baada ya msongamano: vuta bidhaa mbele, nyoosha marundo, jaza mapengo, futa kioo. Meza ya kuvutia ibadilishwe kulingana na wateja wako wanavyorudi. Wakija kila wiki, wazo moja lisikae zaidi ya wiki mbili tatu. Bidhaa za kila siku, kinyume chake, usizihamishe hovyo. Mteja wa kudumu huchukia kutafuta upya alichokuwa anakijua.

Ukitaka kujua kama badiliko limesaidia, badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja na ulinganishe siku zinazofanana, Jumamosi kwa Jumamosi, wiki ya mshahara kwa wiki ya mshahara. Piga picha ya kila meza na uandike chini yake idadi iliyouzwa.

Mauzo yakikataa kupanda, simama pembeni uangalie watu. Wakipita bila kusimama, tatizo ni mahali, mwanga au rangi: hawajaiona. Wakisimama bila kugusa, mpangilio unawatisha au uko mbali na mkono. Shusha kimo, bomoa rundo kidogo, fungua kimoja cha kujaribia. Wakigusa kisha wakarudisha, tazama wanachokitafuta kabla ya kurudisha. Wakigeuza pakiti, wanasaka bei au maelezo. Wakipekua rundo, saizi au rangi yao haipo. Na wakiangalia bei halafu wakarudisha polepole, acha kuhangaika na meza, kaa na daftari la manunuzi uone kama bei yenyewe inashikika.